Gango, Kioo na Pumzi: Historia ya Vijana Wenye Uti wa Mgongo Uliopinda

Uti wa mgongo wa binadamu, ukitazamwa kwa nyuma, hushuka wima kutoka shingoni hadi nyongani, na ukitazamwa kwa upande huonyesha mawimbi ya kawaida yanayousaidia mwili kubeba uzito na kuhimili mitikisiko ya kutembea. Pingili zake, yaani vile vifupa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama shanga kwenye uzi, zinapoelekea upande mmoja na wakati huohuo kujisokota, mbavu nazo hufuata, zikatokeza nyuma upande mmoja na kubonyea upande wa pili, bega moja likapanda na kiuno kikakosa ulinganifu. Hali hiyo huitwa skoliosisi, neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya kupinda, nayo hutofautiana na kibiongo, ambacho ni mgongo kuinama mbele na kutokeza nundu. Aina inayowapata watu wengi zaidi huanza kati ya umri wa miaka 10 na mwisho wa kukua, haina chanzo kinachojulikana, na madaktari huiita skoliosisi ya rika la balehe. Huwapata takriban vijana 2 hadi 3 katika kila 100, ingawa kwa walio wengi mpindo hubaki mdogo, na wale ambao mpindo wao huzidi hadi kuhitaji tiba ni wasichana zaidi kuliko wavulana.

Uzito wa hali hii umo katika umri wenyewe. Mpindo huongezeka katika miaka ileile ambayo mtoto huanza kujitazama kwa macho ya wenzake, na tiba nayo haina budi kufanyika katika miaka hiyohiyo, kwa kuwa mfupa husikia maelekezo ungali unakua na ukishakomaa hausikii tena. Kwa sababu hiyo historia ya tiba ya skoliosisi ni pia historia ya mambo ambayo watu wazima wamemtaka kijana ayavumilie: aning'inizwe, afungwe, alazwe, avae chuma, na juu ya yote hayo awe na moyo mkunjufu. Waandishi wa tiba wameacha kumbukumbu nyingi kuhusu vyuma na ngozi, na chache mno kuhusu moyo huo. Hata hivyo, kumbukumbu hizo zikisomwa kwa makini huonyesha jinsi uchangamfu wa mgonjwa ulivyobadilika maana, kutoka utii wa anayefungwa hadi kazi ya anayejitibu, na huonyesha pia kwamba mabadiliko hayo, yaliyochukua zaidi ya miaka 2,000, yalisukumwa kwa kiasi kikubwa na wagonjwa wenyewe.

Maandishi ya Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos aliyeishi katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, yanaeleza njia iliyotumiwa zama zake, ambapo mgonjwa alifungwa kwenye ngazi, ngazi ikapandishwa juu ya mnara au paa la nyumba, kisha ikaachiwa idondoke wima ili mshtuko uunyooshe mgongo. Kitabu kinachohusu viungo, ambacho kimehusishwa naye tangu kale, kinaeleza kwa utaratibu kamili namna ya kufunga kamba na mahali pa kuweka mito, lakini mwandishi hafichi chuki yake kwa zoezi hilo, kwani anasema hajui hata mtu mmoja aliyenyooshwa nalo, na kwamba wanaolipenda ni matabibu wanaotaka kuushangaza umati. Yeye alipendelea ubao maalumu, mgonjwa akilazwa kifudifudi na kuvutwa pande zote mbili huku mgongo ukikandamizwa. Lawama ile dhidi ya tiba ya maonyesho inastahili kukumbukwa, kwa sababu inauliza kama mateso ya aliyefungwa yanamfaa yeye au yanawafaa wanaotazama. Zaidi ya karne tano baadaye Galen wa Pergamon alizitaja aina za mipindo kwa majina ambayo bado yanatumika, na karibu mwaka 1000 tabibu al-Zahrawi wa Cordoba, katika kitabu chake cha al-Tasrif, aliendeleza mafundisho ya kuvuta na kukandamiza, bila tofauti kubwa kwa upande wa mgonjwa.

Kwa karne nyingi jambo lililomwelemea mwenye mgongo uliopinda kuliko tiba yenyewe lilikuwa imani kwamba umbo ni dirisha la tabia. Mfano mkubwa ni Mfalme Richard III wa Uingereza, aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485 akiwa na umri wa miaka 32, na ambaye tamthilia ya Shakespeare iliyobeba jina lake ilimwonyesha kama mtu mwenye nundu ambaye roho yake imepinda sawasawa na mwili wake. Mifupa yake ilipofukuliwa mwaka 2012 chini ya uwanja wa kuegesha magari mjini Leicester, wataalamu walioichunguza waligundua skoliosisi kubwa iliyoanza katika umri wa balehe. Uchunguzi wao, uliochapishwa mwaka 2014, ulieleza kwamba mpindo huo haukuwa umemfanya atembee kwa kuchechemea, kwamba mkono wake haukuwa umenyauka, na kwamba nguo iliyoshonwa vizuri au deraya iliyotengenezwa kwa vipimo vyake ingeweza kuuficha kwa sehemu kubwa. Mtu aliyekuwa kijana mwenye skoliosisi, akapanda farasi na kupigana kwa silaha, aligeuzwa jukwaani kuwa kitisho, na picha hiyo ikadumu zaidi ya miaka 400.

Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuelezea kwa maandishi gango la chuma kwa ajili ya mpindo. Gango, neno ambalo Waswahili hulitumia kwa vijiti vinavyofungwa kwenye kiungo kilichovunjika, litatumika hapa kwa kila kifaa kigumu kinachovaliwa kiwiliwilini ili kuushikilia mgongo. Gango la Paré lilikuwa bati la chuma lililotobolewa matundu mengi ili lisiwe zito, nalo lilitengenezwa na mafundi waliozoea kufua deraya za askari. Aliagiza kwamba libadilishwe kila mtoto anapokua, na pia alionya kwamba desturi ya kuwabana wasichana wadogo kwa nguo za kukaza kiuno iliwaharibu badala ya kuwapamba. Maonyo hayo yalipuuzwa kwa karne tatu, lakini yanaonyesha kwamba huyu mpasuaji aliyezoea viwanja vya vita alimtazama msichana aliyebanwa na kuona mwili unaoumia.

Taaluma ya tiba ya mifupa ilipata jina lake mwaka 1741, pale Nicolas Andry, profesa mzee wa Paris, alipochapisha kitabu alichokiita Othopedia, jina aliloliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyofu na mtoto. Ndani ya kitabu hicho mna mchoro wa mti mchanga uliopinda, ukiwa umefungwa kwa kamba kwenye kigingi kinene kilichosimama wima, na mchoro huo hadi leo ni nembo ya vyama vingi vya madaktari wa mifupa duniani. Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kuulinganisha na ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, ingawa methali inahusu malezi na Andry alikuwa akisema juu ya mifupa. Wazo lake lilikuwa sahihi kitabibu, lakini mchoro umeacha jambo moja nje, kwa kuwa mti hauulizwi kama kamba inabana, wala hauendi shule ukiwa umefungwa.

Karne ya 19 ilikuwa ya majaribio makubwa. Zilijengwa taasisi zenye vitanda vya kuvutia mwili, zikaenea pia taasisi za mazoezi ya viungo zilizofuata mfano wa Sweden, na huko Ufaransa akatokea mpasuaji aliyekata misuli ya mgongo kwa imani kwamba ndiyo inayouvuta, jambo lililoishia katika ugomvi mkali baina ya madaktari. Mjini New York, Lewis Sayre alichapisha mwaka 1877 kitabu juu ya kumning'iniza mgonjwa kwa mikanda ya kidevuni na kwapani hadi mgongo ulegee, kisha kumzungushia bendeji za plasta, ile ambayo mitaani huitwa hogo, na kumwacha nayo kwa miezi. Picha zilizomo kitabuni humo zinawaonyesha wagonjwa kwa nyuma, migongo wazi, wakining'inia chini ya chuma cha miguu mitatu. Katika kipindi hichohicho William Adams wa London, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1865, alionyesha kwamba mgonjwa akiinama mbele huku mikono ikining'inia, upande mmoja wa mbavu huinuka na kuufichua msokoto ambao hauonekani anaposimama. Jaribio hilo halihitaji chombo chochote zaidi ya jicho, na ndilo ambalo vijana wengi wamelifanya mbele ya muuguzi wa shule, wakijua ndani ya dakika moja kwamba miili yao haifanani na ya wenzao.

Katika mlolongo huu wote wa wanaume waliowanyoosha watoto, mtu aliyeiandika upya tiba hii akiwa amewahi kuwa yeye mwenyewe mtoto wa kunyooshwa ni Katharina Schroth. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1894, akapatwa na skoliosisi, na alipofika umri wa miaka 16 akavishwa gango la chuma, kama walivyovishwa wengi wa wakati wake. Hakuwa daktari, alisomea ualimu. Kilichomwongoza ni kuutazama mpira uliobonyea na kujiuliza kwa nini sehemu iliyobonyea hurudi mahali pake hewa inapoongezwa ndani. Ubavu wake upande mmoja ulikuwa umebonyea vilevile, na mapafu yalikuwa ndani yake. Alijiweka baina ya vioo viwili ili aweze kuuona mgongo wake mwenyewe, akaanza kujifunza kupeleka pumzi kwenye upande uliodidimia huku akirefusha mwili na kuushikilia upande uliotokeza usizidi kutokeza, akitazama kioo kujua kama ubavu umeitika.

Zoezi hilo likielezwa kwa maneno huonekana dogo, na pengine ndiyo sababu madaktari wengi wa wakati ule walilidharau, lakini maana yake katika historia ya wagonjwa ni kubwa. Kwa kawaida mwenye skoliosisi hauoni mgongo wake. Huonwa na mama wakati wa kuoga, na fundi nguo anapochukua vipimo, na daktari anaponyamaza na kuandika. Mgongo huwa ni siri ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mwenyewe. Kioo cha Schroth kilimrudishia msichana haki ya kuutazama mwili wake kabla ya wengine, tena kwa nia ya kufanya nao kazi, na pumzi ikawa chombo ambacho hakuna mtu angeweza kukishika kwa niaba yake. Hapo ndipo matumaini yalipopata mahali pa kushikia. Kijana anayeambiwa awe na moyo huku hana la kufanya hubaki na maneno matupu, ilhali kijana anayeona kwa macho yake ubavu ukiinuka kidogo anapovuta hewa huwa na sababu ya kurudi kwenye zoezi kesho yake.

Mwaka 1921 Schroth alifungua kituo chake mjini Meissen, ambako wagonjwa, wengi wao wakiwa vijana wa kike, walifanya mazoezi kwa pamoja, mara nyingi nje bustanini, migongo ikiwa wazi juani. Jambo hili la kukusanyika halikuwa la pembeni. Msichana ambaye kwao alikuwa peke yake mwenye mgongo wa namna ile alijikuta miongoni mwa wengine kadhaa, wa mpindo wa kushoto na wa kulia, wakubwa kwa wadogo, na kwa mara ya kwanza umbo lake halikuwa la ajabu mahali alipo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ujerumani ilipogawanyika, Schroth na binti yake Christa, aliyesomea tiba ya viungo, walihamia upande wa magharibi na kuanza upya huko Sobernheim mwaka 1961, na kituo chao kikakua hadi kuwa hospitali kubwa. Schroth alifariki mwaka 1985. Mazoezi yanayobeba jina lake leo hufundishwa katika nchi nyingi, na wataalamu wameendelea kujadiliana kuhusu kiwango cha msaada wake. Lililo dhahiri ni kwamba kazi hii ilianza kwa binti aliyekataa kuwa mti uliofungwa kwenye kigingi.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa ikifuata njia nyingine. Mwaka 1911 Russell Hibbs wa New York alibuni upasuaji wa kuunganisha pingili, yaani kuzikwaruza na kuzifanya ziote pamoja kuwa mfupa mmoja, kwanza kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo na muda si mrefu baadaye kwa wenye skoliosisi. Mwaka 1948 John Cobb alieleza namna ya kupima mpindo kwenye picha ya eksirei kwa kuchora mistari miwili na kusoma pembe iliyo baina yake. Kipimo chake ndicho kinachotumika hadi sasa, na mpindo wa kuanzia nyuzi 10, yaani digrii 10, ndio unaohesabiwa kuwa skoliosisi. Tangu hapo kijana huishi na namba. Namba hiyo ina faida kubwa kwa tabibu, lakini kwa mtoto wa miaka 13 inaweza kuwa kama alama ya mtihani anaoufanya kila baada ya miezi sita bila kujua namna ya kuusomea, ikipanda nyuzi tano akahisi kwamba amefanya kosa, ikibaki palepale akashukuru.

Gango lililotawala nusu ya pili ya karne ya 20 lilibuniwa mjini Milwaukee na Walter Blount na Albert Schmidt katikati ya miaka ya 1940, mwanzoni kwa ajili ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji kutokana na polio. Sehemu yake ya chini ilikuwa mshipi mpana wa ngozi, baadaye wa plastiki, uliokaza nyonga. Kutoka hapo zilipanda nondo tatu, moja mbele na mbili nyuma, hadi kwenye pete ya chuma iliyozunguka shingo, ambayo ilikuwa na kishikizo mbele, chini ya kidevu, na visukumio viwili nyuma ya kichwa. Kando ya mbavu zilizotokeza uliwekwa mto mgumu uliokazwa kwa mkanda. Aliyelivaa aliweza kutembea, kukaa na kuandika, lakini hakuweza kuinama kutazama kitabu kilichopo mapajani, wala kuona vizuri hatua zake anaposhuka ngazi, na nguo yoyote aliyovaa iliacha pete ikionekana. Alitakiwa kulivaa saa 23 kwa siku, saa moja iliyobaki ikiwa ya kuoga na kufanya mazoezi, kwa miaka hadi mifupa ikomae. Ni haki kusema kwamba Blount hakumtaka mtoto akae tu ndani ya gango kama bidhaa ndani ya sanduku, kwani alisisitiza mtoto acheze, atembee na ajifunze kujivuta mbali na mto unaomsukuma. Gango kwake lilikuwa mwalimu wa misuli.

Mwaka 1973 yalitoka maandishi mawili juu ya kifaa hichohicho. Moja lilikuwa kitabu cha kitabibu cha Blount na mwenzake John Moe, kilichobeba jina la gango lenyewe. La pili lilikuwa riwaya ya vijana ya Judy Blume iitwayo Deenie, inayomhusu msichana wa miaka 13 ambaye mama yake amepanga awe mwanamitindo, na ambaye badala ya kupigwa picha za magazeti anajikuta akipimwa gango la Milwaukee. Blume ameeleza kwamba wazo la kitabu lilimjia baada ya kukutana na msichana wa miaka 14 mwenye skoliosisi aliyeonekana kuizoea hali yake na gango lake, wakati mama yake ndiye aliyekuwa akilia. Maelezo hayo mafupi yanagusa jambo ambalo vitabu vya tiba vimelipita kwa haraka, nalo ni kwamba mara nyingi huzuni iliyomo chumbani si ya mgonjwa, na kijana hulazimika kubeba mzigo wa pili, wa kuwaliwaza wazazi wake, akiwa bado anajifunza kuubeba wa kwanza.

Hofu ya wazazi haikuzuka bure. Mwaka 1968 zilichapishwa nchini Sweden tafiti zilizowafuatilia watu wenye skoliosisi wasiotibiwa, na matokeo yake yalitisha: vifo vya mapema, ulemavu, upweke. Kasoro yake ilikuwa kwamba wagonjwa wa aina tofauti walichanganywa, wakiwemo waliopata mpindo utotoni kabisa au kwa sababu ya polio na magonjwa mengine mazito, ambao mapafu yao huathirika zaidi, na hukumu iliyotokana nao ikawaangukia pia wale ambao mpindo wao ulianza katika balehe. Kwa miongo kadhaa vijana wengi walivishwa magango na kupelekwa kwenye upasuaji wakiwa wameaminishwa kwamba bila hivyo maisha yao yangekatika. Ilichukua hadi mwaka 2003 kwa Stuart Weinstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa kuchapisha habari za wagonjwa 117 wa aina ya balehe pekee, waliogunduliwa na skoliosisi kati ya mwaka 1932 na 1948 na ambao hawakutibiwa, wakiwalinganisha na watu 62 wa rika lao wasio na mpindo. Wakiwa wamefika umri wa wastani wa miaka 66, watu hao walikuwa wamefanya kazi na kuishi maisha ya kawaida. Maumivu ya mgongo yaliwasumbua zaidi kuliko wenzao, wenye mipindo mikubwa ya kifuani walipata shida ya pumzi, na wengi hawakuridhika na maumbo yao, lakini lile giza lililotabiriwa halikuwafika. Wale watoto wa miaka ya 1930 na 1940 walikuwa wamejibu, kwa kuishi kwao, swali ambalo hakuna aliyekuwa amewauliza.

Umuhimu wa utafiti huo kwa moyo wa kijana hauwezi kupimwa kwa nyuzi. Uliondoa tishio bila kuficha ukweli, na kijana anayepewa ukweli kamili, kwamba mgongo unaweza kuuma, kwamba mpindo mkubwa huhitaji kuzuiwa, na kwamba maisha yapo mbele yake, ana msingi wa kutumaini ulio imara kuliko yule anayeambiwa tu atabasamu. Hapo tiba zenyewe zilikuwa zimeshabadilika. Paul Harrington wa Houston alikuwa ameeleza mwaka 1962 upasuaji wa kuweka fito za chuma kando ya uti wa mgongo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 John Hall na fundi William Miller wa Boston walikuwa wametengeneza gango la plastiki linaloishia chini ya kwapa, lisilo na pete ya shingo, ambalo msichana angeweza kulivaa chini ya sare ya shule pasipo mtu kulitambua.

Swali kama gango linasaidia kweli lilibaki bila jibu la uhakika hadi mwaka 2013, pale Weinstein na wenzake walipochapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha vijana 242 wa Marekani na Kanada. Miongoni mwa waliovaa gango, asilimia 72 walimaliza kukua bila mpindo kufika nyuzi 50, kiwango ambacho kwa kawaida huelekeza kwenye upasuaji. Miongoni mwa waliotazamwa tu bila gango, walikuwa asilimia 48. Jambo lenye uzito zaidi lilikuwa ndani ya plastiki, ambamo kilifichwa kifaa kidogo cha kupima joto kilichoonyesha ni saa ngapi gango liko mwilini kweli. Waliolivaa kwa wastani wa saa 13 hivi au zaidi kwa siku walifaulu kwa kiwango cha asilimia 90 na ushei. Sayansi ilikuwa imepima utashi wa kijana na kuukuta miongoni mwa nguvu zinazouzuia mfupa usipinde, na ikadhihirika vilevile kwamba saa 23 zilizodaiwa kwa vizazi viwili zilikuwa nyingi kuliko ilivyohitajika. Ni vigumu kulisoma hilo bila kuwakumbuka waliokuwa wakilala na pete shingoni.

Utashi huo, hata hivyo, haukui kwa kuamriwa. Mwaka 2006, huko Long Island katika jimbo la New York, msichana wa miaka 14 aliyekuwa akivaa gango alianzisha kikundi cha wasichana wa hali kama yake na kukiita Curvy Girls, na kikundi hicho kikazaa matawi katika nchi mbalimbali. Bila kujua, alikuwa ameirudia bustani ya Meissen. Mwaka 2018 Binti Mfalme Eugenie wa Uingereza, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo akiwa na umri wa miaka 12, aliolewa huko Windsor akiwa hana shela na gauni lake likiwa limekatwa wazi mgongoni, kwa hiari yake, ili kovu lionekane. Na kwa wasichana wengi waliokuwa wamezoea kuchagua nguo kwa kuuliza itaficha nini, lile kovu lilisema jambo ambalo hakuna daktari angeweza kulisema.

Elimu inayopitishwa katika vikundi vya namna hiyo ni ya mikono, na haimo katika maandishi ya Blount wala ya Cobb. Mkubwa humwonyesha mgeni kwamba fulana ya ndani iwe ya pamba, ya kubana, isiyo na mshono ubavuni, kwa maana mshono mmoja uliokunjwa chini ya plastiki unaweza kuchubua ngozi kabla ya jua kutua. Kwamba ngozi isipakwe mafuta mahali ambapo mto hukandamiza, kwa kuwa ngozi laini huchubuka upesi. Kwamba fulana ya pili iwemo begini siku za joto. Kwamba wenzake darasani wakiuliza, ni heri kuwagongea plastiki kwa vidole wakasikia mlio wake kuliko kuwaacha wakisie. Mwisho humfundisha kuvaa. Humlaza chali, humwekea alama ya kalamu kwenye mkanda mahali ambapo fundi alitaka ufike, humwambia atoe pumzi yote polepole, na wakati kifua kimeshuka humwachia ncha ya mkanda aivute mwenyewe.